Naomba ushauri: Altezza yangu, niikimbize mizunguko ya juu au nitafute toki (nguvu ya kuzungusha, ya kuvuta)?

Wakuu, shikamooni wakubwa, vijana mambo.

Niko Tabora mjini, nina Toyota Altezza yenye injini ya 3S-GE, gia sita za mkono. Kiwandani ilitoka na farasi 210 kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika, toki Nm 216 kwenye 6,400. Yaani utamu wote uko juu. Nikitoka kwenye tuta na gia ya tatu, gari linasinzia mpaka Noah ya abiria inanipita.

Fundi anataka tubaki na injini hii: kamshafti kali (mhimili unaofungua valvu), springi ngumu za valvu, eksozi pana, tuvuke 8,000. Hapo nasita. Kamshafti za hivyo husogeza toki juu zaidi, na huku tuko kama mita 1,200 juu ya bahari. Injini isiyo na turbo (kisukuma hewa) kama hii imeshapoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa hewa nyepesi.

Mimi naiwaza injini nyingine ya Toyota, yenye turbo: 1JZ-GTE ya VVT-i (inayobadili muda wa valvu), Nm 378 kwenye 2,400 tu. Kwa hesabu, hapo ni farasi kama 129. 3S hata ingetoa toki yake yote kwenye mizunguko hiyo isingefika 75. Ila ni mzigo puani, na giaboksi lazima nibadili. (Mke wangu hajui bado.)

Safari zangu ni Nzega na Urambo, si mashindano. Aliyefunga turbo ndogo kwenye 3S-GE akaacha pistoni za kiwandani, zenye mgandamizo mkubwa vile, ilidumu? Au nibadili difu tu, niweke yenye uwiano mfupi, gari livute zaidi?