Sahani imenyanyuliwa mbele yangu nikiwa na mnofu mkononi! Pattaya siyo yetu tena

Jiwe la Mahenge (mleta mada)

Wakuu, nimeingia chumbani sasa hivi, hata viatu sijavua. Naandika natetemeka, na mkono wenyewe bado unanuka samaki, kwa hiyo makosa ya herufi mnivumilie. Mods, msije mkauhamishia huu uzi kwenye jukwaa la vichekesho kama mlivyoufanya ule wangu wa teksi. Hili ni jambo zito.

Simtaji mtu jina. Ila sisi wote tunaopita Pattaya, ule mji wa pwani wa Thailand, tukitoka soko la vito la Chanthaburi kuuza mawe tunamjua. Yule bwana. Mwenye nyumba ya wageni kule ndani ya mtaa wa Soi Buakhao, shati la mananasi, anayetuita "kaka" kwa Kiswahili tulichomfundisha sisi wenyewe. Mji ulipofunguliwa baada ya korona, vyumba vyake vimejaa vumbi na buibui, nani alikuwa analala pale? Ni sisi! Nani alikuwa anamlipa mwezi mzima kabla hajalala hata siku moja? Ni sisi!

Leo nimeagiza sato. Sikilizeni vizuri, sato wa Kithai, amejazwa mchaichai tumboni, kapakwa chumvi mwili mzima, kageuzwa taratibu juu ya mkaa mpaka ngozi inabanduka nzima kama koti. Nimenawa. Nimebandua ngozi. Nimeanzia shavuni, maana anayejua kula samaki anaanzia shavuni. Mnofu uko mkononi, mkono uko njiani, mdomo uko wazi. Sahani ikaondoka.

Narudia kwa waliokaa nyuma: SAHANI IKAONDOKA.

Nainua macho, nayaona mananasi. Anatabasamu. Ananiambia, "Kaka, grupu inakuja. Hawali nyama, hawali samaki. Harufu." Harufu! Ya nani? Ya samaki au ya kwangu? Hakufafanua, akaondoka na sato wangu.

Mara basi likapaki. Wakashuka Wahindi, wakashuka, wakashuka, mpaka nikahisi wengine wanazaliwa humo humo ndani. Bibi, mjomba, watoto wa mjomba, halafu mpishi wao wenyewe na masufuria yake kutoka kwao. Mtu anasafiri na mpishi! Mimi nimesafiri na begi la mgongoni na bahasha ya spino, yale mawe ya vito ya kwetu Mahenge.

Nikahamishiwa kona ya mashine za kufulia, zile za kutumbukiza sarafu. Nikarudishiwa sato wangu hapo, kapoa, upande mmoja. Nimemaliza kula nikitazamana na bukta ya Mrusi inazunguka kwenye povu.

Huu mji umekwisha jamani. Tangu wafutiwe viza Novemba 2023 ni mafuriko. Mwaka 2024 waliingia Thailand zaidi ya milioni 2, na naapa nusu yao wote leo asubuhi walikuwa mbele yangu kwenye foleni ya boti ya kisiwa cha Koh Larn. Nenda Walking Street, mtaa wa starehe, usiku, mabango ya Kihindi, muziki wa Kihindi, kila mlango unanukia biriani. Wapiga debe wananiita "namaste boss". Mimi! Mpogoro wa Mahenge! Sisi viza tunaombwa mpaka taarifa ya benki ya shangazi, wenzetu wanapita uwanjani wanapunga mkono.

Lakini hayo yote ningevumilia. Kilichonimaliza ni sahani. Ingekuwa imeondolewa kabla sijaanza, sawa. Ingekuwa baada ya kumaliza, sawa. Ila nimeshika mnofu wa shavu, mdomo wazi, watu wananitazama... mkono ukabaki hewani kama naapishwa.

Nawasilisha kwa machungu.

Msema Chochote

Nimekaa paleee na kahawa yangu.

Nyumbu wa Kinyerezi

Bila picha ya sato hii ni chai.

Dalali Mstaafu

Kumbe yule! Mwenye jino la dhahabu kushoto? Huyo huyo alinihamisha chumba usiku wa manane mwaka jana, eti kuna bwana harusi. Nikapelekwa chumba cha juu feni haizunguki. Wahindi harusi zao siku hizi wanafanyia huku, wanakodi hoteli nzima mpaka na ufukwe, na ndovu wa kupanda bwana harusi. Nani atakubakizia wewe meza na sato wako wa baht mia mbili?

Jiwe la Mahenge

Huyo huyo mkuu! Ila wewe ulihamishwa umelala. Mimi nimehamishwa nikiwa na mnofu MKONONI. Hebu pima mwenyewe.

Kobe Mzee

Mleta mada tatizo lako ni usahaulifu. Pattaya ilikuwa kijiji cha wavuvi. Wakaja wanajeshi wa Marekani miaka ya sitini, vita vya Vietnam, wakaigeuza. Wakaja Wajerumani na Waingereza, wakaja Warusi, wakaja Wachina na mabasi yao. Kipindi cha Wachina si ni wewe ulianzisha uzi hapa unalia kwamba wanasukumana kwenye bufee? Sasa Wachina wamepungua, 2019 walifika Thailand karibu milioni 11, mwaka 2024 hawakutimia hata milioni 7. Yule bwana ana mkopo wa benki. Ulitaka alipe marejesho kwa "kaka"?

Jiwe la Mahenge

Uzi wa Wachina ulikuwa tofauti. Ule ulikuwa wa kamba.

Mama Mkaa

😂😂😂 "ule ulikuwa wa kamba"! Huyu jamaa maisha yake yote ni kunyang'anywa vyakula vya baharini.

Nyumbu wa Kinyerezi

Sato ni wa maziwani mama.

Upanga wa Zamani

Ngoja niseme kidogo maana hapa naona povu tu. Mimi ni Mhindi wa Dar, babu yangu kazaliwa Tanga. Hao waliokuja na mpishi kuna uwezekano mkubwa ni Wajaini, yaani wafuasi wa dini ya Kijaini ya India, labda Wagujarati. Siyo nyama na samaki tu, hawali hata kitunguu, kitunguu saumu, viazi wala karoti, kwa sababu ukiing'oa mizizi unaua mmea na vidudu vilivyomo kwenye udongo. Ndiyo maana wanabeba mpishi. Mgahawa gani wa Kithai utakupikia bila kitunguu saumu na bila mchuzi wa samaki? Ni michache.

Na mimi nina yangu. Nilikwenda Pattaya na mke wangu mwezi wa kwanza. Tumekaa meza yetu, tunaongea Kiswahili chetu, mhudumu akatubeba na viti vyetu akatuchanganya na grupu la watu arobaini kutoka Surat, India, eti "ndugu zenu hawa". Nikalipishwa bili ya grupu. Mpaka leo wale watu wananitumia picha za maua asubuhi kwenye simu.

Msema Chochote

Huyu kapata familia, yule kapoteza sato. Uzi mtamu.

Mama Mkaa

Karoti nayo? Mimi ningekufa.

Dalali Mstaafu

@Jiwe la Mahenge hivi ile spino yako nani anainunua? Si ni wale wale Wahindi wa mji wa Jaipur wanaokaa na mizani yao pale Chanthaburi mwisho wa wiki? Hata tanzanite yetu ya Mererani kwa miaka mingi inakatwa Jaipur. Asubuhi unawabembeleza wakuongezee dola tano kwa karati, jioni unawafungulia uzi. Kuwa na aibu.

Jiwe la Mahenge

Biashara ni biashara, sahani ni sahani.

Maji ya Diani

Wee, hiyo ni kitu ndogo sana. Mimi hapa Diani nimeketi zangu hotelini, nimelipa pesa yangu, nyani akashuka kwa makuti akachukua chapati kwa mkono wangu, akaketi juu ya kiti cha mzungu akaila akiniangalia machoni. Nikaita askari. Askari akaniambia niombe msamaha nisimkasirishe. Wewe angalau aliyekunyang'anya anavaa shati.

Nyumbu wa Kinyerezi

La mananasi lakini.

Maji ya Diani

Akija huku na hilo shati hatamaliza dakika tano.

Binti Forodhani

Nyie wa Diani na Pattaya mnalia kwa chakula cha kununua. Mama yangu mie analima mwani Paje. Bahari ikitoka anateremka na kamba zake na vigingi, kiuno kinamuuma, analima. Bahari ikijaa wanakuja wageni na yale matiara makubwa ya kuvutwa na upepo, wanapita juu ya vigingi, kamba zakatika, mwani wote waenda. Ukisema, unaambiwa utalii ndio unaoleta pesa. Pesa za nani? Mama hajaziona. Na hao si Wahindi, ni kutoka Ulaya huko, lakini sijaona mtu akiwafungulia uzi.

Mama Mkaa

Dada fungua wa kwako tuje, huu wa sato umeshakufa.

Jiwe la Mahenge

Haujafa! Hebu turudi kwenye mada. Fikirieni ni wewe. Umebandua ngozi. Umeshika shavu...

Kobe Mzee

Tumeshaelewa habari za shavu.

Upanga wa Zamani

Swali moja tu kwa mleta mada. Hao watu wenyewe walikufanya nini? Kuna hata mmoja aliyekutukana?

Jiwe la Mahenge

Sijasema wamenitukana. Nimesema wamejaa.

Upanga wa Zamani

Na hakuna aliyekusemesha?

Jiwe la Mahenge

Kuna mzee mmoja alikuja kule kwenye mashine za kufulia. Akaniuliza kwa nini nakula peke yangu. Akanipa vichapati vyembamba vya kijani kijani kwenye karatasi ya fedha, na achari. Hiyo siyo hoja.

Mama Mkaa

UKALA?

Jiwe la Mahenge

Siyo hoja nimesema.

Mama Mkaa

Kalaaa 😂😂😂

Upanga wa Zamani

Hizo ni thepla, zinachanganywa na majani ya uwatu. Mgujarati hapandi ndege bila hizo, zinakaa siku kadhaa haziharibiki. Mke wangu anapika. Ukirudi Dar njoo Upanga.

Nyumbu wa Kinyerezi

Uwatu si ule wanaokunywa akina mama wakijifungua?

Binti Forodhani

Huo huo. Uji wa uwatu. Unaongeza maziwa.

Msema Chochote

Jiwe la Mahenge kaa mkao wa kunyonyesha.

Dalali Mstaafu

Tukiacha utani, mimi kinachoniudhi Pattaya siyo wageni, ni zile daladala zao za bluu. Miaka mingi ilikuwa baht kumi, unabonyeza kengele, unashuka, unalipa, unaenda zako. Siku hizi ukiuliza bei tu kabla ya kupanda umekwisha, anakuhesabu mgeni, anakutajia mia mbili. Usiulize! Panda kimya kama mwenyeji.

Jiwe la Mahenge

Yule bwana naye ana daladala mbili pale, kama hujui. Ndiyo maana ana kiburi. Sahani ya mtu...

Maji ya Diani

Baht kumi ni kama ngapi kwa pesa yetu?

Dalali Mstaafu

Haifiki shilingi hamsini ya Kenya.

Maji ya Diani

Aki. Hapa tuktuk kutoka Ukunda mpaka ufukweni wakiona umevaa kofia tu bei inapanda mara tatu.

Kobe Mzee

Kofia ndiyo kosa lako.

Nyumbu wa Kinyerezi

Wakuu, nje ya mada kidogo. Nina jamaa ana mawe ya safaya za Tunduru, anataka akazichome Chanthaburi, yaani zipitishwe motoni rangi isafike. Inalipa au atarudi na majivu?

Dalali Mstaafu

Inategemea rangi. Kama ina ukungu wa maziwa inaweza kusafika. Kama ina ufa, moto utaimaliza. Asimpe mtu asiyemjua akamwambia "njoo kesho".

Jiwe la Mahenge

Mimi namjua mtu mzuri wa kuchoma pale, ila kwanza tumalize hili la...

Nyumbu wa Kinyerezi

Njoo inboksi mkuu, leta na bei.

Binti Forodhani

Nimefungua uzi wangu wa mwani, njooni huko. Na huyo wa safaya asimpe mtu jiwe bila kulipima mbele yake.

Mama Mkaa

Naja. Nyumbu, nitafutie na mimi pete ya kijani.

Nyumbu wa Kinyerezi

Jiwe la kijani ni tsavo, mama. Bajeti yako?

Mama Mkaa

Elfu thelathini.

Dalali Mstaafu

Kwa hiyo nunua sato.