Kliniki yetu inaandika antibiotiki kupita wastani wa England: tuulize au tunyamaze?

Mwanzisha mada: Wadau mlioko Uingereza, mnajua kwamba dawa zinazoandikwa na kila kliniki ya daktari wa familia England hutangazwa wazi kila mwezi? Chuo Kikuu cha Oxford kina tovuti, OpenPrescribing, tangu 2015. Unaandika jina la kliniki, unaona mstari wake ukipanda na kushuka karibu na ule wa taifa. Yetu iko juu, hasa kwa antibiotiki nzito (zinazoua aina nyingi za bakteria) kama co-amoxiclav, ambazo NHS, huduma ya afya ya umma, inataka zisizidi asilimia 10 ya antibiotiki zote. Mimi nasema takwimu hizi zibandikwe mapokezi, hapo hapo penye tangazo la chanjo ya mafua. Mnasemaje?

Mfamasia: Taratibu, ndugu yangu. Takwimu hizo zinahesabu dawa zilizochukuliwa famasi kwa cheti cha NHS, hazisemi mtu alikuwa anaumwa nini. Kliniki inayohudumia nyumba ya wazee itakuwa juu kwa dawa za kulainisha choo mpaka kiama. Ndiyo maana kuna kipimo cha STAR-PU kinachozingatia umri na jinsia, na hata hicho hakijui nani mapafu yake mabovu.

Halafu kuna letu sisi Waafrika. Mwongozo wa presha wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu, unasema mtu mweusi mwenye asili ya Afrika, asiye na kisukari aina ya pili, aanzishiwe dawa za kundi la amlodipine hata akiwa kijana. Wengine wa chini ya miaka 55 huanzishiwa za kundi la ramipril. Kliniki iliyojaa watu wetu ikiwa kwenye wastani wa amlodipine, hapo ndipo nitashtuka.

Mwanzisha mada: Ya amlodipine sawa. Lakini mimi nazungumzia co-amoxiclav. Ile asilimia 10 ni sehemu ya antibiotiki zenyewe, kwa hiyo wingi wa wagonjwa si kisingizio. Kila kliniki ikiulizwa inajibu "wagonjwa wetu ni tofauti". Sasa hao wa kawaida wanatibiwa wapi?

Nesi: Mie sitaki zibandikwe. Daktari akijua anapimwa kwa namba ataanza kubana. Chukua mama mwenye UTI inayorudi kila mara, maabara inaonyesha antibiotiki ya nitrofurantoin haifui dafu. Anaandikiwa cefalexin, na hiyo inahesabiwa humo humo kwenye asilimia 10. Anyimwe ili mstari ushuke?

Mfamasia: Asinyimwe. Mama mmoja hapandishi mstari wa kliniki nzima mwaka mzima. Ila tusichanganye lengo na wastani. Lengo limewekwa kwa kufikiri. Wastani ni vile watu wanavyofanya tu, hata wakiwa wanakosea wote.

Wa Dar: Nyie mna bahati. Huku mtu anaingia duka la dawa, anataja amoxicillin, anapewa bila cheti. Ukihesabu vyeti vya zahanati umeona nusu ya mambo.

Mwanzisha mada: Basi bango naliweka pembeni kwanza. Mkataba wa NHS unaitaka kila kliniki England iwe na kamati ya wagonjwa. Huko nitauliza swali moja: katika zile antibiotiki nzito, ngapi ziliandikwa baada ya majibu ya maabara? Aliyewahi kuuliza kwake aseme alijibiwaje.