CSI: Cyber na wenzake: nani kawaambia udukuzi una rangi nyekundu?

Wakuu, samahani kwa ukali, ila hili limenikaa kooni na leo nalitema.

Hivi kuna mtu humu aliyeitazama CSI: Cyber, ile tamthilia ya FBI wanaowinda wadukuzi wa kompyuta, mpaka mwisho akabaki na akili timamu? Nimejilazimisha kuirudia wiki hii kwa sababu dogo mmoja kazini alinibishia kwamba "ile ndiyo yenyewe". Yenyewe ipi? Ilianza Machi 2015 kwenye runinga ya CBS ya Marekani, na staa wake ni Patricia Arquette, ambaye mwezi uliotangulia tu alikuwa ametoka kubeba Oscar. Hela ilikuwepo, waigizaji walikuwepo. Halafu angalia walichotupa: sehemu ya kwanza kabisa, wataalamu wa FBI wanachungulia programu ya kamera ya kumwangalizia mtoto mchanga. Mistari inapita, kijani, kijani, kijani, mara inageuka myekundu. Hiyo nyekundu ndiyo kirusi. Basi, kazi imeisha! Kirusi kimejipaka rangi chenyewe ili askari wasipate tabu. Mimi ninayeandika programu na kukesha kutafuta nukta moja iliyowekwa pasipo pake, naombeni hiyo kompyuta, hata kwa mkopo.

Mtaniambia tamthilia ni tamthilia, niache watu wafurahi. Sawa. Lakini hawa walikuwa na kisa cha kweli mkononi na wakakichezea. Mwaka 2013 huko Houston, Texas, mtu asiyejulikana aliingia kwenye kamera ya chumba cha mtoto na kuanza kumtukana mtoto aliyelala. Wazazi walisikia sauti ya mwanamume ndani ya nyumba yao wenyewe! Hapo unahitaji rangi ya nini? Ukitaka kutisha watu, waonyeshe kwamba kamera nyingi za namna hiyo zinatoka kiwandani na paswedi ileile, admin na admin, na aliyenunua hajawahi kuibadilisha. Kinatisha kwa sababu hata kwako kipo.

Na msiseme hawakuwa na mtu wa kuwaambia. Yule mhusika mkuu amechorwa kutokana na kazi ya Mary Aiken, mtaalamu wa saikolojia ya mitandao kutoka Ireland, na mama huyo alikuwa miongoni mwa watayarishaji. Msomi yupo ndani ya nyumba, nyie mnapaka rangi.

Tamthilia ikafa Machi 2016 baada ya misimu miwili. Oktoba mwaka huohuo kirusi kinachoitwa Mirai, kilichokusanya kamera na rauta (vile vifaa vya kugawa intaneti nyumbani) za watu kwa kujaribu orodha ya paswedi sitini na kitu za kiwandani, kikatumika kuishambulia Dyn, kampuni iliyokuwa ikielekeza watu kwenye tovuti wanazozitafuta, na Twitter, Netflix na wengine wakawa hawapatikani kwa saa kadhaa katika sehemu kubwa ya Marekani. Walioandika Mirai ni vijana watatu wa Kimarekani waliokuwa wakihangaika na biashara ya seva, yaani kompyuta za kuchezea mtandaoni, za Minecraft, wakakiri kosa mahakamani 2017. Minecraft, wakuu! Mchezo wa watoto! Mtunzi gani angekuwa na ujasiri wa kubuni hicho?

(NCIS siisemi sana. Ile sehemu ya 2004, wahusika Abby na McGee wanabonyeza kibodi moja kwa mikono minne ili "kumzuia" mdukuzi, mpaka bosi wao Gibbs anakuja kuchomoa waya, mimi niliichukulia kama vichekesho na nikacheka kwa haki yangu.)

Halafu ukiwauliza watunzi wanasema udukuzi wa kweli hauna mvuto kwenye skrini. Uongo mtupu! Mwaka uleule wa 2015, miezi mitatu tu baadaye, Sam Esmail alitoa tamthilia ya Mr. Robot, kuhusu mdukuzi anayeitwa Elliot, na kwenye chumba cha waandishi alikuwemo Kor Adana, mtu aliyetokea kwenye kazi ya usalama wa mitandao. Kuna kipande Darlene, mdukuzi mwenzake Elliot, anamwaga flashi nje ya kituo cha polisi. Askari anaokota moja, anaichomeka, kirusi kinaanza kuingia, na antivairasi inakikamata. Mpango umefeli! Elliot anamshukia Darlene kwa kutumia programu ya kuokotaokota badala ya kuandika yake. Nilisimama. Kwa mara ya kwanza nikaona mdukuzi wa kwenye runinga anashindwa kwa sababu ya kawaida kabisa, kama tunavyoshindwa sisi kila siku.

Na kwenye sehemu ya kwanza, anapotaka kudukua akaunti za mpenzi wa daktari wake wa saikolojia, Elliot anampigia simu huyo mpenzi. Anajifanya anatoka benki, kitengo cha kuzuia wizi. Anamuuliza timu anayoshabikia, jina la mnyama wake wa nyumbani. Jamaa anajibu, kisha ndiyo anashtuka. Too late, keshatoa mali.

Mmeielewa hiyo? Huyo ndiye tapeli wetu wa hapa Bongo mwenyewe! Shangazi yangu kapigiwa simu na "mhudumu", sauti laini, anamjua mpaka jina la katikati. Akaombwa athibitishe namba ya siri. Hela ya kikoba ikaenda. Sasa ananiletea simu: "Baba, wewe si wa kompyuta? Mfuate hukohuko alikoingilia." Na mwanawe anadakia pembeni: "Si unaingiza IP tu, ile namba ya kifaa mtandaoni, ramani inakuja na kitone chekundu?" Nikamwambia hakuna aliyeingia popote, mama katoa mwenyewe. Wakaninunia wote wawili. Nimeonekana mzembe, eti elimu yote ile na siwezi hata kumfuata mwizi kwenye waya.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mtu akishaaminishwa kwamba mdukuzi ni kijana mwenye kofia anayebonyeza haraka akisema "nimeingia", hawezi kumshuku mtu mwenye adabu anayemwita mama kwenye simu. Kila wiki naombwa nidukue WhatsApp ya mume wa mtu. Nikikataa, naambiwa sijui.

Mr. Robot nayo ina makosa yake, msimu wa pili ulinitoa jasho, nusu nzima tunazungushwa kumbe jamaa yuko jela. Namsamehe Esmail kwa sababu hakunidharau.

Mwenye tamthilia nyingine inayoheshimu kazi hii aitaje hapa, nina wikiendi nzima. Ila atakayeniletea tamthilia ya Scorpion, ile ndege inashuka chini chini na waya unaning'inia wauchomeke kwenye laptop ndani ya Ferrari inayokimbia, tusije tukalaumiana.