Msaada: Mdogo wangu kamaliza JKT, kuna mtu anasema yuko karibu na aliyekuwa Waziri wa Ulinzi

Binti_wa_Kahama: Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu kamaliza miaka miwili ya kujitolea Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), yuko nyumbani, usingizi hapati. Kuna kaka mmoja, mtu wa heshima zake, anasema anafahamiana na Dkt. Stergomena Tax, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi hadi 2025, tangu yuko Katibu Mtendaji wa SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika, na anaweza kumwingiza dogo JWTZ, jeshi letu la ulinzi. Hivi waziri ana nafasi zake za kuajiri?

Kuruta_Mafinga: Umenikumbusha mbali. Nilipita Mafinga kabla JKT ya mujibu wa sheria haijasitishwa 1994. Mchakamchaka alfajiri, baridi inakata masikio! Iliporudishwa 2013 nilishukuru Mungu, wanangu wote wawili wamepita. Vijana wa leo wanataka ajira tu, sisi tulifundishwa kulima na kujenga.

Mama_Zawadi: Hakuuliza hayo, kaka. Waziri anasimamia sera, na bajeti ya wizara anaipeleka yeye Bungeni. Kuandikisha askari ni kazi ya jeshi, na tangazo linatoka hadharani. Mdogo wangu, huyo kaka kaomba hela?

Binti_wa_Kahama: Si rushwa dada, ni ya kufuatilia faili.

Mama_Zawadi: Shilingi ngapi?

Binti_wa_Kahama: Laki nane. Nne nilituma Jumatatu. Msinihukumu, shamba hatujauza, tumelikodisha msimu huu tu. Na si mtu wa kubahatisha: Januari 2023 alikaa na waziri ofisini kwake, Wizara ya Ulinzi, wakapitisha majina ya vijana.

Mzee_wa_Kumbukumbu: Hapo nagoma. Uzi huu umetungwa. Dkt. Tax aliteuliwa Septemba 2021 baada ya Waziri Kwandikwa kufariki, mwanamke wa kwanza kushika Ulinzi nchini. Oktoba 2022 akahamishiwa Mambo ya Nje, Bashungwa akaingia Ulinzi. Mama alirudi Agosti 2023. Januari hiyo ofisi ile haikuwa yake.

Kijana_Mpole: Nilihisi tangu mwanzo. Watu wanatunga shida ili tuwaonee huruma.

Binti_wa_Kahama: Wallahi sijatunga. Nimenakili meseji yake neno kwa neno. Nimeirudia sasa hivi. Januari 2023.

Mzee_wa_Kumbukumbu: Basi nisamehe binti yangu. Mtunzi ni yeye. Anatembelea jina la mama wa watu, na hata hajui alikuwa wizara gani.

Kuruta_Mafinga: Lakini barua si kakuonyesha? Ina muhuri?

Mama_Zawadi: Muhuri unachongwa mtaani! Usitume iliyobaki. Tunza meseji na kumbukumbu ya muamala, asubuhi uende polisi, na dogo mwende naye.

Binti_wa_Kahama: Anapiga sasa hivi, mara ya tatu. Mdogo wangu kakaa mbele yangu, anauliza mbona sipokei.