Kutembelea wagonjwa wodini: tuanzeje?

Mama Jumuiya: Tumsifu Yesu Kristo. Jumuiya yetu ndogo inataka kutembelea wagonjwa hospitali ya wilaya Kwaresima hii. Tuko 18. Twende wote? Tubebe nini?

Katekista: Milele amina. Mkiingia 18 kwa pamoja mtatolewa nje, na ni haki. Gawaneni wawili wawili, kila jozi wagonjwa watatu au wanne, dakika 10 kwa mmoja. Anzeni kwa muuguzi wa zamu; yeye anajua nani amezidiwa na nani hana ndugu wa kumwangalia. Huyo asiye na ndugu ndiye wa kwanza. Msikalie kitanda chake.

Muuguzi: Chakula msigawe bila kutuuliza. Anayesubiri upasuaji hatakiwi kula, na juisi humpandishia sukari mwenye kisukari. Leteni sabuni ya kufulia, ya kuogea, mafuta ya kupaka, na kanga kwa waliojifungua. Naweni mikono kabla na baada ya kila mgonjwa. Mwenye mafua abaki nyumbani.

Katekista: Kuhusu sala: ombeni ruhusa kwanza, kisha salini kwa sauti ya chini. Mwislamu apewe sabuni ileile, bila sharti lolote. Msaada ukigeuka chambo, mmeivunjia Injili heshima. Akiuliza kwa nini mmekuja, mwambieni wazi habari za Kristo. Msimwambie mtu yeyote aache dawa kwa kuwa ameombewa! Akitaka Mpako wa Wagonjwa, yaani sakramenti ya kupakwa mafuta matakatifu, mpigieni padre siku hiyohiyo, mkimtajia wodi na namba ya kitanda.