Upanga wa Kifilipino: asili isomwe kwenye mpini au kwenye chuma?

Wadau, msimamo wangu nautoa mapema: kuandika kwenye lebo ya makumbusho "upanga wa Wamoro", yaani Waislamu wa kusini mwa Ufilipino, kwa sababu tu mpini una kichwa cha ndege ni uvivu. Wapo wanaoshikilia kwamba mpini unatosha, maana kila jamii ya Ufilipino ina nakshi zake. Wengine wanasema tufuate karatasi iliyokuja na upanga: mwanajeshi wa Kimarekani wa enzi za ukoloni akiandika "Jolo", mji wa Sulu, basi ni wa Jolo, mjadala umefungwa.

Mpini unasema mengi, sikatai. Kichwa cha kakatua, yule kasuku mwenye kishungi, kwenye barong, upanga mfupi mpana, kinakupeleka visiwa vya Sulu huko kusini, kwa Watausug na majirani zao. Nyuso za kutisha zilizochongwa kwenye pembe zinakupeleka Visayas, visiwa vya katikati, hasa Panay. Ila mpini ni mti au pembe. Hupasuka, huliwa na wadudu, hubadilishwa. Chuma kinarithiwa, kinauzwa, kinavuka bahari hadi Borneo na kuvishwa mpini mwingine huko.

Ndiyo maana mimi naanza na makali. Talibong, upanga wa Panay, mara nyingi makali yake yamenolewa kutoka ubavu mmoja tu, wa pili ni bapa kama patasi ya seremala. Barong ina ukingo mmoja tu wa makali, ila umenolewa kutoka mbavu zote mbili, ina umbo la jani, na mgongo wake karibu na mpini ni mnene kweli. Kwa kris ya kusini, upanga wenye makali pande mbili, tazama pale chuma kinapotanuka chini ya mpini. Za zamani zina mstari halisi wa kiungo, kwa kuwa hicho ni kipande cha pekee. Nyingi za baada ya miaka ya 1930 zimechorwa mstari tu. Fundi aliyebadilisha mpini hawezi kugusa hayo.

Na hiyo "Jolo"? Ilikuwa bandari na kambi ya jeshi, vitu vya visiwa vyote vya jirani vilipita pale. Mwaka 1911 jenerali wa Kimarekani Pershing, gavana wa Mkoa wa Moro, akaamuru watu wanyang'anywe silaha. Mahali upanga ulipochukuliwa si lazima pawe ndipo ulipofuliwa.

Kwa hiyo lebo za makumbusho ziwe na mistari mitatu: chuma, mpini, mahali ulipopatikana. Eti mgeni atachanganyikiwa? Asome, ndicho kilichompeleka.

Mnaotetea mpini, nijibuni hili: kris yenye chuma cha Maguindanao, kisiwani Mindanao, na mpini wa Sulu mtaiweka kabati gani?