Naomba ushauri: betri ya pikipiki ya umeme inapata joto upande mmoja

Ndugu zangu, habari za majukumu. Niko Mbeya, naendesha bodaboda ya umeme kati ya Uyole na Mwanjelwa. Betri yake ni ya lithiamu, volti 72, ya kuchomoa.

Tangu pikipiki igongwe ubavuni, kasha la betri lina ufa mdogo, na sasa nikichaji upande mmoja unapata joto kuliko mwingine. Chaji nayo inashuka upesi nikipanda mlima na abiria, ila hilo naweza kulivumilia. Kinachoninyima usingizi ni watoto. Betri hizi zimeundwa kwa seli, yaani vibetri vidogo vilivyounganishwa ndani; seli moja ikiharibika inaweza kuwaka na kuwasha za jirani yake, na moto ukishazimwa unaweza kulipuka tena baadaye.

Nimeacha kuchajia ndani. Nimejaribu chaja nyingine ya aina ileile, joto liko palepale. Fundi mmoja wa mtaani anataka kuziba ufa kwa gundi bila kufungua; nimekataa, maana gundi haitaonyesha kama seli zimeumia. Aliyeniuzia hapokei simu.

Naomba kujua mawili. Kuna fundi Mbeya au hata Iringa mwenye vifaa vya kupima seli moja moja, pamoja na ile bodi inayolinda betri? Na wakati nasubiri, niihifadhi wapi? Uani nina banda la mbao tu, limejaa kuni, na kuiacha wazi naogopa mvua na wezi.

Mwenye uzoefu na betri hizi anisaidie, tafadhali. Kwa sasa nimesimamisha kazi.